Ukoko Kidogo, Masizi Tone Moja

Wifi yangu hajawahi kuwa mnyenyekevu, na anayekuambia vinginevyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Aliolewa na kaka yangu mimi nikiwa bado msichana wa shule, na siku ya kwanza aliyoingia kwetu alikuja kama mtu aliyetumwa kukagua. Aliutazama ukuta wa sebule, akauliza ni nani aliyeupaka. Baba akajibu kwa majivuno kwamba ni yeye. Wifi akasema, "Pole, baba." Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilimchukia kwa siku chache, kisha nikampenda, na hivyo ndivyo tulivyo mpaka leo: yeye ananichokoza, mimi namrudishia.

Duka la rangi ni la kwao wote wawili, lakini usidanganyike. Kaka hukaa mbele, akiuza brashi, rola na maneno. Duka lenyewe liko nyuma, kwenye meza ndefu iliyojaa madoa, na hapo ndipo wifi huchanganya. Mtu anamletea kipande cha plasta kilichobanduka, au kifuniko cha kopo la zamani, hata kitambaa cha pazia, anasema anataka ukuta ufanane na hicho. Wifi anakipeleka mlangoni kwenye mwanga wa mchana, kwa sababu taa ya ndani, anasema, ni mwongo. Anakitazama. Halafu anarudi mezani, anafungua ndoo ya rangi nyeupe, anaanza kudondoshea zile rangi kali za kukolezea kutoka kwenye chupa zake, huku anakoroga kwa kijiti. Anapaka kidogo kwenye ubao, anauacha ukauke, kwa sababu rangi mbichi nayo ni mwongo. Mafundi wote humwita Mama Kopo. Wanamwogopa na wanamsifu, na yeye hupokea vyote viwili kama haki yake.

Kiharusi kilimshika pale pale mezani, kijiti kikiwa mkononi.

Tunashukuru hakikumchukua. Mguu ulirudi, mdomo ukanyooka, na maneno yakaanza kurejea moja moja, ya kwanza yakiwa matusi, nadhani kwa sababu hayo yalikuwa yamewekwa karibu. Mkono wa kulia ndio uliobaki mzito. Mimi ni mpishi wa shule, na shule ilikuwa imefungwa kwa likizo, kwa hiyo nilijifunga kibwebwe nikahamia kwao kumuuguza.

Kliniki kulikuwa na muuguzi wa mazoezi ya kusema, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini. Alimwonyesha wifi vitu mezani, na wifi akavitaja bila shida: kijiko, kikombe, funguo. Kisha akatoa kadi za rangi. Akainua nyekundu.

"Mama, hii ni rangi gani?"

Wifi akatabasamu kwa kujiamini. "Buluu."

Muuguzi akainua ya manjano. "Buluu," wifi akasema tena, lakini safari hii alijisikia mwenyewe. Ikainuliwa ya kijani. Wifi akafungua mdomo, akaufunga. "Ile," akasema. "Ile... ile..." Jasho likamtoka, kisha machozi. Sikuwa nimewahi kumwona akilia mbele ya mtu, na nilitamani nimnyang'anye yule muuguzi kadi zake nizitupe dirishani.

Muuguzi alitueleza vizuri kabisa. Macho ni mazima, alisema. Anaona rangi zote kama zamani. Kilichotoroka ni majina yake tu, na huenda yakarudi, huenda yasirudi. Mimi nilisikia. Kaka alisikia neno "toroka" na hakusikia jingine. Tulipofika kwenye korido akaegemea ukuta, uso umemsawijika.

"Mchanganya rangi asiyejua nyekundu ni ipi," akaniambia. "Dada, tumekwisha."

Kuanzia siku hiyo alimkataza mkewe kwenda dukani. "Pumzika, mama watoto," alimwambia kila asubuhi kwa sauti ya mapenzi, na mapenzi yalikuwa ya kweli, ndiyo maana ilikuwa vigumu kumpiga na mwiko. Halafu akatafuta kijana mmoja aliyekuwa akichanganya rangi kwenye duka la upande wa pili wa mji, wakakubaliana aanze kazi Jumatatu. Alimweleza wifi wakati wa chakula cha mchana, akiangalia sahani yake. Wifi aliweka kijiko chini.

"Meza," alisema. "Meza yangu."

"Ni kwa muda tu," kaka akasema.

Wifi akainuka, akajikokota mpaka chumbani, akatupa kisogo. Hakula siku hiyo wala hakutukana mtu, na kutotukana ndiko kulikonitisha.

Kilichotuokoa ni soksi. Kaka huvaa soksi nyeusi tu, na zote zilikuwa zimefuliwa pamoja, nami nimezipanga mbili mbili juu ya kitanda, kazi ya kipofu, kwa sababu nyeusi ni nyeusi. Wifi akazitazama. Akaguna. Kwa mkono wa kushoto akazivuruga zote, akazisogeza mpaka dirishani kwenye mwanga, akaanza kuzipanga upya. Hii na hii. Hii, hapana, na ile. Nikainama kutazama, na niamini, jozi nilizokuwa nimezipanga zilikuwa aibu tupu. Moja ilikuwa imepauka ikaelekea kwenye kijivu, nyingine ilikuwa na ubuluu kwa ndani, ya tatu ilikuwa na wekundu ambao sikuwahi kuuona katika soksi yoyote. Alipomaliza, kila soksi ilikuwa na mwenzake wa kweli.

"Wewe," nikamwambia, "unaona kuliko mimi!"

"Siku zote," akajibu.

Nikamkumbuka mama yetu, Mungu amrehemu. Mama alikuwa na rangi tatu tu maishani: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Ng'ombe wa kahawia kwake alikuwa mwekundu, ndizi mbivu nayo nyekundu, suruali ya buluu iliyokoza ilikuwa nyeusi, na tulipombishia alituona sisi ndio wenye kasoro. Lakini umtume akakununulie uzi wa kushonea gauni lako, hata ukiwa huna kipande cha kumpa, alirudi na uzi unaozama kwenye kitambaa usiuone. Majina matatu yalimtosha. Macho yake hayakuwa yanayangojea.

Basi nikakata shauri. Nilikwenda dukani, nikamdanganya kaka kwamba natafuta sabuni ya kutoa madoa, nikarudi na chupa za akiba za rangi za kukolezea zimejaa kwenye kapu. Nikazipanga mbele ya wifi.

"Majina ya zamani yamekimbia, yaache yaende zake," nikamwambia. "Hizi tuzipe mengine. Mkono wako hauwezi kukoroga, wangu unaweza. Lakini lazima uweze kuniambia nilete ipi."

Alizisogeza chupa kwa mkono wa kushoto. Kisha akagusa chupa ya manjano, akaelekeza kidole jikoni. "Yai."

"Yai," nikasema. "Nimeelewa."

Nyeusi ikawa Masizi. Buluu ikawa Kaptula, kwa heshima ya kaptula ya kaka ambayo imezeeka kuliko ndoa yao na ambayo hataki kuitupa. Nyekundu inayong'aa alininyooshea kidole usoni: Midomo. Napaka midomo rangi nikienda kwenye shughuli, sioni ubaya wowote, na wifi hajawahi kunisamehe. Ilipofika ile ya udongo, kati ya manjano na kahawia, akaanza kucheka kabla hajasema, akacheka mpaka nikaogopa atapaliwa.

"Ukoko," akasema. "Ukoko... wako."

"Wali wangu hauunguagi!"

"Ukoko wa wifi," akasema, na jina likakaa.

Tulivyoendelea ndivyo nilivyochanganyikiwa. Alichukua chupa ya kijani akaiweka pamoja na ya buluu. "Kaptula ndogo," akasema. Nikamwambia hapana, hiyo ni kijani, hizo ni mbili kabisa. Akaziweka karibu karibu, akanitazama kama anavyomtazama mteja mjinga. "Ndugu," akasema. Halafu akachukua nyekundu yenye giza, ile inayoitwa damu ya mzee, na mimi nikaisogeza kwa Midomo, kwa kuwa zote nyekundu. Akaitoa kwa hasira. "Maini! Siyo... siyo ndugu."

Nilibishana naye mpaka chai ikapoa. Kisha nikachoka, na nilipochoka ndipo nikaanza kufikiri. Ni nani aliyekaa siku moja akatupigia mstari, akasema hapa buluu inaisha, hapa kijani inaanza? Mama yangu mstari wake ulikuwa mahali pengine, na aliishi salama. Kijivu si ni jivu la mekoni? Kahawia si ni kahawa? Zambarau si ni tunda tu ambalo mtu alilitazama akasema, kama hili? Kumbe wifi hakuwa amechanganyikiwa hata kidogo. Alikuwa ameanza upya kazi ambayo wengine waliimaliza zamani, wakatuachia tuitumie bila kuitazama. Nikamwomba radhi. Akasema, "Chemsha chai nyingine."

Siku zilizofuata tulifanya mazoezi nyuma ya nyumba, mimi nikikoroga kwenye vikopo vya maziwa, yeye akiniamrisha. Nilipokosea alinipiga kwenye goti kwa mkono wake mzima. Hatukumwambia kaka. Wifi hakutaka kuonyeshwa kwake kama mtoto aliyejifunza kuandika, alitaka meza yake, na Jumatatu ilikuwa inakuja.

Ijumaa kaka alirudi nyumbani asubuhi, jambo ambalo hafanyi kamwe, akakaa kwenye kochi bila kuvua viatu. Ikabidi nimtoe maneno kama mtu anayeng'oa jino. Kulikuwa na ukumbi wa mikutano unaojengwa, na mkandarasi wake ndiye mteja wao mkubwa. Kabla ya kuugua, wifi alikuwa amewachanganyia rangi ya ukuta mkubwa wa mbele, nayo iliwatosha nusu tu. Nusu nyingine ndiyo aliyokuwa akiichanganya alipoanguka. Mkandarasi alikuwa amefanya vyumba vingine kwanza, na sasa amerudi kwenye ukuta huo, anataka ndoo zilizobaki.

"Umemchanganyia?" nikauliza.

"Mara tatu." Kaka akashika kichwa. "Mkandarasi alisema ni kijani, nikamchanganyia kijani. Ilipokauka ikaonekana kama kiraka cha suruali. Fundi Kipara akasema hapana, hiyo ni buluu. Nikaifanya buluu, ikawa mbaya zaidi. Mimi mwenyewe naiona kijivu, nikafanya kijivu. Sasa ukuta una madoa matatu, na watu wazima watatu tunagombana mbele yake. Anasema jioni kama haijapatikana anahamia duka jingine, na moja kwa moja."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Alikuwa ameshavaa viatu, kimoja upande sivyo.

"Twende," akasema.

"Mama watoto, hili si jambo la—"

"Wifi. Kapu."

Nikachukua kapu la chupa. Kaka akatutazama mmoja baada ya mwingine, akaelewa kuwa tulikula njama chini ya paa lake, na akakosa hata nguvu ya kukasirika.

Ukumbi ulikuwa bado unanuka saruji. Ule ukuta ulichukua upande mzima, na nusu yake iliyokamilika ilinifanya nisimame. Sijui kuieleza rangi ile. Ukisimama mlangoni ilikuwa kijani, ukisogea dirishani ikawa buluu, na jua likijificha ikatulia ikawa kama jivu. Pembeni yake kulikuwa na viraka vitatu vya kaka, kila kimoja kikipiga kelele jina lake. Nikaona kosa liko wapi kabla sijafungua kapu. Kila mmoja wao alikuwa ametafuta jina kwanza, halafu akalichanganya lile jina. Hakuna aliyeuchanganya ukuta.

Mkandarasi, mtu mrefu mwenye simu mbili, alimwona wifi anavyovuta mguu. Akamgeukia kaka.

"Nimesikia hajui rangi siku hizi. Umemleta afanye nini?"

Wifi akampita mkandarasi kama anapita kiti. Alikwenda mpaka ukutani, akaweka kiganja cha kushoto kwenye kazi yake mwenyewe, akakaa hivyo kidogo. Kisha akaelekeza mahali ndoo ya nyeupe iwekwe, karibu na dirisha, na mimi nikapiga magoti, nikashika kijiti. Nikikosea, nilijua, ni yeye watakayemtoa.

"Kaptula," akasema.

Nikamimina.

"Tena. Tena. Basi! Kaptula ndogo."

"Kaptula gani tena?" mkandarasi akauliza.

"Nyamaza wewe," akasema Fundi Kipara, kiongozi wa wapaka rangi, mzee mwenye kichwa kinachong'aa, ambaye alikuwa amekwisha kuvua kofia. "Mama Kopo yuko kazini."

"Ukoko kidogo," akasema wifi. Nikatia ukoko. Rangi kwenye ndoo ikageuka, ule ukali wake ukashuka, ikapata utulivu. Wifi akainama, akanusa hata, sijui alikuwa ananusa nini. Akatikisa kichwa. Akatazama ukuta, akatazama ndoo, akatazama ukuta.

"Masizi. Tone moja. Moja, wifi!"

Nilidondosha tone moja. Nikakoroga mpaka bega likauma. Fundi Kipara akachukua brashi mwenyewe, akapaka mkanda mpana ulioanzia kwenye ukuta wa zamani ukaingia kwenye plasta tupu. Mkanda ukaonekana wazi, mweupe kuliko ukuta wote.

"Haifanani!" mkandarasi akapiga paja. "Si mnaona wenyewe? Haifanani!"

"Mbichi," wifi akasema.

"Imepauka, mama!"

"Mbichi," akarudia, kwa ile sauti aliyotumia kumwambia baba pole. Akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akakunja mkono wake mzima juu ya ule mzito, akangoja.

Tukangoja wote. Mkandarasi alizungumza na simu moja, kisha nyingine. Kaka alisimama nyuma ya mkewe, na niliona anataka kumgusa bega lakini anaogopa. Ule mkanda ulianza kubadilika kutoka pembeni, ukikolea polepole, kidogo kidogo ukiingia kwenye ukuta. Wapaka rangi wakashuka kwenye ngazi zao bila kuitwa. Mpaka wake ukawa mwembamba, halafu ukawa wa kukisia, halafu nikapepesa macho na sikuuona tena.

Fundi Kipara alikwenda mpaka ukutani. Akapitisha vidole, akitafuta mahali alipopaka yeye mwenyewe. Akaenda kushoto, akarudi kulia. Akaweka shavu lake ukutani akatazama kwa upande.

"Nimepotea," akasema. "Wallahi nimepotea!"

Wakalipuka. Walipiga makopo kwa brashi, walipiga ngazi, mmoja alirusha kofia ikanasa kwenye nyaya za taa na ikabaki huko. Mimi nilikuwa nalia na kucheka, na uso wangu ulikuwa na Kaptula mpaka sikioni. Mkandarasi alitembea urefu wote wa ukuta, akarudi, akatia simu zake mfukoni.

"Mama," akasema kwa adabu, "naomba ndoo zilizobaki ziwe hivi hivi." Akasita. "Na vyumba vya juu pia, ukiweza."

"Naweza," akasema wifi.

Kaka alitoka nje ya mlango na simu sikioni, lakini ukumbi mtupu hauna siri, na tulimsikia sote. "Kijana, samahani sana, usije Jumatatu. Hapana, hujakosea kitu. Nafasi ina mwenyewe." Alipoingia macho yake yalikuwa mekundu. Alichuchumaa mbele ya mkewe pale alipoketi juu ya ndoo, kwenye vumbi, na suruali yake nzuri.

"Nilidhani nimekupoteza," akamwambia. "Nikafanya haraka kukuzika."

Wifi aliinama karibu naye. Alimpangusa doa shavuni kwa kidole gumba.

"Wifi anarudi shuleni," akasema. "Nani atakoroga?"

"Tutatafuta mtu."

"Wewe," akasema. "Una mikono miwili."

Wapaka rangi wakacheka, na kaka akacheka nao, akikunja mikono ya shati hapo hapo. Akavuta kapu, akatoa chupa moja, akaigeuza kwenye mwanga.

"Haya," akasema. "Basi nifundishe haya majina yako."

"Si yangu," akasema wifi. "Ndiyo majina."

Kaka akapokea kijiti kutoka mkononi mwangu, akaanza kukoroga.